Siri Hii Ni ya Nani?



Kuna kauli ninayoisikia mara nyingi hosteli, na huenda wewe unayesoma umewahi kuitamka: "Mimi sina cha kuficha." Mtu akiulizwa kwa nini ameweka kwenye stetasi picha ya wenzake chumba kizima wakiwa wamelala, au sauti ya mama yake aliyomtumia akilalamikia ada, hujibu hivyo kwa kifua mbele. Wengine huongeza na dini: anayemcha Mungu sirini na hadharani ana sababu gani ya kujificha mbele ya watu? Jibu hilo linapendeza masikioni. Tatizo lake ni kwamba linajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Semina zetu kuhusu faragha mitandaoni hutufundisha nywila ndefu, kufunga akaunti, kutobonyeza viungo tusivyovijua. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Lakini wiki iliyopita nilikaa nikaipitia simu yangu polepole, nikijiuliza ni vitu gani humo ambavyo nisingependa mtu mwingine avione. Nilikuta jibu la kipimo cha hospitali la binamu yangu, alilonitumia nimsomee kwa sababu limeandikwa Kiingereza cha madaktari. Nilikuta picha ya kitambulisho cha taifa cha baba yangu mdogo, ya siku niliyomsaidia kusajili laini ya pesa za simu. Kulikuwa na sauti ya rafiki anayelia saa nane za usiku. Kulikuwa na kundi la ukoo ambamo wazee wanagombana juu ya mpaka wa shamba la kahawa, wakitajana kwa majina na kwa madeni ya miaka ishirini. Vilivyo vyangu mwenyewe vilikuwa vichache mno, na havina uzito wowote.

Kwa hiyo huenda ni kweli kwamba sina cha kuficha. Nina cha kutunza, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kiswahili chenyewe kinalijua hilo. Mwizi huficha alichoiba. Mwanafunzi huficha matokeo mabaya. Lakini mgeni aliyefika na nguo iliyochanika humfichi, unamsitiri. Maiti haifichwi, inasitiriwa. Neno kuficha linamhusu mtu na hofu yake. Neno kusitiri lina watu wawili ndani yake, na yule anayefunikwa mara nyingi hayupo hapo kujitetea.

Mfikirie muosha maiti, kwa maana sijapata mfano bora wa mtu mwenye siri za wengine mkononi. Anaona kila kitu: kovu la zamani, alama ya ugonjwa ambao nyumba nzima haikuujua. Wanazuoni wetu wamesisitiza kwamba maiti huoshwa chini ya kitambaa, na muoshaji akiona jambo la kuaibisha hulizika pamoja na mwenyewe. Akiona jema anaweza kulisema. Hakuna anayemwambia muosha maiti, "Wewe sema tu, huna cha kuficha." Kila mtu anaelewa kwamba alichokiona alikiona kwa ajili ya kazi, na kwamba kuona hakumfanyi awe mmiliki wa alichokiona.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, kule Mpondwe, mpakani na Kongo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baadhi ya miili iliungua kiasi kwamba wazazi walilazimika kungojea vipimo vya vinasaba ili wajue wa kwao ni yupi. Sisi Waislamu wa Kasese tulilia mara mbili, kwani wauaji wale hujibandika jina la dini yetu. Siku zile picha ziliingia kwenye simu yangu kutoka makundi matatu. Chini ya moja yao mtumaji alikuwa ameandika dua kwa Kiarabu, nzuri, bila kosa hata la herufi moja, na juu ya dua hiyo kulikuwa na kitu ambacho hakuna mama anayestahili kukiona kwenye simu ya jirani.

Sidhani mtumaji alikuwa mtu mbaya. Alihuzunika, akataka wengine wahuzunike naye. Lakini dua haihitaji picha ili ipokelewe. Na lau angemkuta muosha maiti ameshika simu ndani ya chumba cha kuoshea, yeye mwenyewe angempiga. Sijui ni nini kwenye kioo cha simu kinachotufanya tusione kwamba tumesimama ndani ya chumba kile kile.

Sasa nije nyumbani kabisa, kwa sababu jambo lililonisukuma kuandika lilitokea Kyarumba.

Wasiojua: Kyarumba ni mji mdogo kwenye miteremko ya Rwenzori, kaskazini ya barabara ya Kasese kwenda Bwera. Watu wetu wanaishi kwa kahawa. Makao ya ushirika wa Bukonzo Joint yapo hapo hapo. Mashamba yamening'inia kwenye vilima, na mvua ikizidi, kilima hushuka pamoja na kilichopandwa juu yake. Wilaya yetu imezoea habari hizo. Mei 2020 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake ukaibomoa hospitali ya Kilembe, na Septemba 2022 maporomoko ya Kasika, Rukoki, yaliua watu zaidi ya kumi, wengi wao wanawake na watoto.

Msimu mmoja mvua ilichukua mashamba ya upande wetu, na kikundi cha watu wema kutoka mjini kikaja na lori la unga, sukari, sabuni na mablanketi. Sitakitaja jina. Walikuja kwa nia njema, na unga wao ulikuwa unga kweli, watu walikula. Katika foleni alikuwepo mama mmoja jirani yetu ambaye tangu utotoni tumezoea kumwita bibi. Ni mwanamke ambaye kwake ndiko majirani huenda kuazima chumvi. Harusi ikiwa karibu, sufuria kubwa hutoka kwake. Mwanawe yuko Ghuba, kwenye kazi ya ulinzi, na kila mwezi anatuma kitu.

Alipofika mbele, alipewa kilo tano za unga na kilo moja ya sukari, akaambiwa asimame karibu na bango, atabasamu. Alitabasamu. Picha ikapanda mtandaoni jioni ile. Kabla ya Isha ilikuwa imefika Ghuba.

Mwanawe alipiga simu usiku. Hakumgombeza mama, aliuliza tu pesa anazotuma zinakwenda wapi, na kwa nini wenzake wa chumbani wamemwonyesha mama yake akiwa kwenye foleni ya msaada. Upande wa wakwe nako likaanza neno: kumbe kwao ndivyo walivyo. Siku mbili baadaye nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta anaanua kahawa juani. Nikamsalimu, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akaendelea na kahawa yake. Nilipomuuliza kama walimwomba ruhusa, alinijibu bila kuinua uso:

"Waliniambia, mama, cheka kidogo."

"Lakini ungeweza kukataa, bibi."

"Ningekataa vipi, mjukuu wangu? Unga ulikuwa bado uko mikononi mwao."

Jibu hilo nimelibeba mpaka chuoni, nikalipima dhidi ya yote tunayofundishwa kuhusu ridhaa. Tunasema mtu akikubali, mambo yamekwisha. Bibi yule alikubali. Alisimama, akacheka, hakusukumwa na yeyote. Na bado kila mwenye akili anajua kwamba hakuulizwa kitu, kwa sababu swali linaloulizwa huku unga ukiwa umeshikiliwa lina jibu moja tu. Katika biashara tunasema mauziano ya mtu aliyelazimishwa hayasihi. Sioni kwa nini sura ya mtu iwe rahisi kuichukua kuliko mbuzi wake.

Watetezi wa picha hizi wana hoja, na nisingependa kuipita kana kwamba haipo. Hoja yao ya kwanza ni Qur'ani yenyewe: Suratul Baqara, aya ya 271, inasema kuidhihirisha sadaka ni jambo zuri, ijapokuwa kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Kwa hiyo kutangaza kunaruhusiwa, na kunawahamasisha wengine. Nakubali. Lakini isome aya ile uone inazungumza na nani. Inazungumza na mtoaji, juu ya sadaka yake. Ina maana akitaka kusema "nimetoa," aseme. Haijampa mamlaka ya kusema "na huyu hapa ndiye aliyepokea." Na aya chache kabla yake, ya 264, inaonya kwamba sadaka hubatilika kwa masimango na kero. Zamani masimango yalihitaji mdomo. Mtu alikusimanga, akachoka, akanyamaza, na siku moja akafa. Picha haichoki. Bibi atasimangwa na kila mtu atakayeifungua, wakiwemo watoto ambao bado hawajazaliwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya mhazini. Mfadhili anataka ushahidi. Tunaishi katika nchi ambamo mabati ya wasiojiweza wa Karamoja yalikutwa kwa mawaziri mwaka 2023, wengine wakafikishwa mahakamani. Nani atamlaumu mtu kwa kutaka kuona pesa yake imefika? Hiyo nayo ni amana. Lakini yaangalie mabati yale yale. Wizi uligundulika kwa sababu bidhaa zilifuatiliwa zilikokwenda. Uso wa maskini anayetabasamu hauthibitishi hesabu ya magunia. Naweza kupiga picha mia kwa magunia kumi. Kinachothibitisha ni orodha yenye saini na alama za vidole, risiti ya duka, lori likishushwa, mwenyekiti wa LC1 na imamu wa msikiti wakiweka sahihi kwamba hesabu ni hii. Karatasi hizo zinamfikia mfadhili na zinakaa kwake. Tukisema ukweli, picha ya uso haipigwi kwa ajili ya mkaguzi. Inapigwa kwa ajili yetu, kwa sababu inapata "laiki" ambazo risiti haitazipata kamwe.

Wengine hudhani wamelitatua tatizo kwa kutoandika jina. Kwetu Wakonzo hilo lina kichekesho chake. Majina yetu mengi hueleza mtu alizaliwa wa ngapi: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale. Ukiandika "Biira wa Kyarumba amepokea unga" umewataja mamia ya watu, na hakuna hata mmoja uliyemwaibisha. Lakini ukiliacha jina ukaweka picha yenye mlango wake wa buluu, turubai lake la kahawa na kile kilima nyuma, kila mtu kuanzia Kisinga hadi Kyondo anajua ni nani. Aliyefuta jina akabakiza sura amefanya kazi ya bure.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Umar bin Khattab (r.a.), nacho walimu wamezungumza juu ya nguvu ya mapokezi yake, kwa hiyo nakitoa kama kisa tu. Akizunguka Madina usiku alisikia sauti nyumbani kwa mtu, akapanda ukuta, akamkuta na pombe. Alipomkemea, yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye kamuasi Mungu kwa jambo moja, Amiri wa Waumini kaasi kwa matatu: amepeleleza, ameingia si kwa mlangoni, na hakuomba idhini. Umar akamwacha. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba mlevi alikuwa na kosa kweli. Hakusema "sina cha kuficha." Alikuwa nacho, na bado ukuta wake ulikuwa na haki yake. Yaani faragha haikuwekwa kwa ajili ya watu safi peke yao. Ingekuwa hivyo, kuomba faragha kungekuwa kukiri kosa, na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyomtazama mwenzetu anayegeuza simu yake kifudifudi juu ya meza.

Na hapa mtu wa Kasese atanikatiza, tena kwa haki. Ataniambia: ninyi na sitara yenu, je, mwaka 2016?

Tarehe 27 Novemba 2016 jeshi na polisi walivamia kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese. Human Rights Watch waliandika kwamba waliouawa katika siku mbili zile walizidi 100, wakiwemo watoto. Mwandishi wa habari Joy Doreen Biira, mzaliwa wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi katika runinga ya KTN ya Nairobi, alikuwa nyumbani kwa sherehe yake ya kimila ya ndoa. Alisambaza picha za kasri likiungua. Alikamatwa, akakabiliwa na tuhuma ya kusaidia ugaidi, tuhuma zilizofutwa baadaye. Walio madarakani walitaka tusitiri. Walitaka moshi ule ufunikwe kama awra.

Mimi nasema alifanya sawa, na sioni kwamba hilo linavunja lolote nililoandika juu. Kasri lile liliungua hadharani, kwa mikono ya dola, na damu ile ilikuwa ya umma mzima. Qur'ani inayokataza upelelezi katika Suratul Hujurat ndiyo hiyo hiyo inayokataza kuficha ushahidi, na inasema moyo wa anayeuficha una dhambi. Sitara ni nguo ya aliye uchi. Mwenye bunduki hana haki ya kuiomba. Vivyo hivyo na mhadhiri anayemwita msichana ofisini ajadiliane naye kuhusu alama: yule msichana akiamua kusema, asije mtu akamwambia "dada, sitiri." Aibu ile si yake, na hakuna siri yake anayoivunja. Mwenye kuamua lini, wapi na kwa nani aseme ni yeye. Wenzake wenye kiherehere cha kusaidia wasimwekee jina lake kwenye kundi la WhatsApp kabla hajaamua.

Hata hivyo, katika Novemba ile ile zilizunguka pia picha za waliokamatwa, wamefungwa mikono, wamekaa chini nusu uchi, wanaume kwa wanawake. Hapo nakiri ni pagumu. Picha zile ni ushahidi wa walivyotendewa, na ni aibu yao waliyovuliwa mara ya pili. Maoni yangu ni kwamba ushahidi una mahali pake pa kupelekwa: kwa wakili, kwa mchunguzi, kwa mwandishi atakayefunika sura. Stetasi yangu si mahakama. Lakini naelewa mtu aliyezituma usiku ule kwa sababu hakuwa na wakili wala mchunguzi, na alihofia asubuhi ulimwengu utaambiwa hakukutokea kitu. Siwezi kumhukumu nikiwa nimekaa maktaba.

Ninachoweza kusema ni kwamba haki ya kujua ina mwenyewe. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo alipelekwa hospitali ya Kagando, pale Kisinga, na tarehe 11 ikathibitishwa kwamba ana Ebola. Alifariki, na baada yake wakafariki mdogo wake wa miaka 3 na bibi yao. Katika siku zile je, lilikuwa jambo la siri? Kwa waliomgusa mtoto, kwa wauguzi, kwa timu iliyokuwa ikifuatilia nyumba kwa nyumba, kunyamaza kungekuwa kuua. Kwa sisi wengine tulihitaji kujua kwamba ugonjwa umefika, dalili zake ni zipi na tupige simu wapi. Sura ya mama aliyefiwa haikuwa na kazi yoyote katika orodha hiyo. Habari ile ile, hospitali ile ile, na watu watatu wana haki tatu tofauti juu yake. Kabla ya kubonyeza, inafaa nijue mimi ni yupi kati yao, na ninaowatumia ni akina nani.

Sheria zipo. Katiba ya Uganda, kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Nashauri msome angalau kidogo. Lakini sijaweka matumaini makubwa hapo, kwa sababu sheria za mitandao kwetu zina tabia ya kumwangukia aliye chini. Mwaka 2014 mwanamuziki mmoja wa Kampala alivujishiwa picha zake za utupu. Jina lake mnalijua, mimi sitalirudia. Waziri wa Maadili wa wakati huo alitaka mwanamke yule akamatwe chini ya Sheria ya Kupinga Ponografia iliyotiwa saini mwaka huo huo. Mtu ameibiwa, na waziri anadai aliyeibiwa afungwe! Mahakama ya Katiba ilikuja kufuta vifungu kadhaa vya sheria hiyo mwaka 2021. Mtazamo uliomfanya waziri aseme vile haukufutwa na hakimu yeyote. Uko hosteli, uko kwenye makundi yetu, na uko pia, nasema kwa masikitiko, kwenye baadhi ya mawaidha yetu ya Ijumaa, ambamo mdomo huwa mkali kwa aliyepigwa picha na mlegevu kwa waliozifungua.

Na yaliyo yangu mwenyewe? Hapo nina maneno machache tu. Mtume (s.a.w.) alituonya juu ya mtu anayefanya jambo usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kisha asubuhi yeye mwenyewe akalivua lile pazia. Zaidi ya hapo mtu ana uhuru wake: akiweka picha ya chakula chake, vazi lake la Idi, shahada yake, sioni ubaya wowote, na wanaogeuza kila picha kuwa fitina wananichosha. Ila hata "yangu" hupungua ukiitazama vizuri. Posa yangu ina familia mbili ndani yake. Picha ya mwanangu wa siku saba ni yake kabla ya kuwa yangu, na miaka kumi na tano ijayo atakuwa na maoni. Ugomvi wangu na baba una baba.

Mwezi ujao jumuiya yetu inapanga safari ya kugawa futari, na kamati imekwishaanza kuzungumzia mpiga picha. Nimependekeza tupige magunia, lori na saini, na mikono ikibidi. Mhazini, ambaye ni mtu mwangalifu na simlaumu, ameniuliza tutafanyaje mfadhili akisisitiza kuona watu. Nimemwambia basi tuombe, lakini tuombe baada ya kila mtu kufika na futari yake nyumbani na kufunga mlango, tupige hodi kama wageni, mmoja kwa mmoja, na atakayekataa tumwage tukiwa tunacheka naye. Amesema hiyo itatuchukua siku mbili nzima na mafuta ya gari yatazidi bajeti. Ni kweli. Tumeongeza mafuta kwenye bajeti, na kikao kitaamua Jumamosi.